Ujanja wa Kima na Ujanja wa Bweha

Wanangu, nawasikia mkimsifu mtu kwamba ni mjanja, kumbe amekula fedha za chama cha wenzake. Mkiulizwa ujanja huo kaupata wapi, mnacheka na kumtaja Sungura. Hapo ndipo nina neno nanyi. Hadithi za wanyama wajanja mlizisikia, lakini hamkuzisikiliza. Nitawarudisha kwenye zile za Wahindi, maana waliziandika zamani sana na baadhi yake zimevuka bahari hadi kwetu.

India kuna kitabu cha Kisanskriti kiitwacho Panchatantra, chenye milango mitano. Mwanzoni yupo mfalme mwenye wana watatu wazito wa kujifunza. Akaitwa mzee wa Kibrahmani, Vishnusharma, naye akaahidi kuwafunza mambo ya utawala kwa miezi sita. Hakuwakaririsha sheria, aliwasimulia habari za wanyama. Basi tangu asili hili ni darasa la watu watakaoshika madaraka, na wajanja waliomo ni wa kila namna, wema kwa waovu. Aliyewaambia kwamba kila mjanja wa hadithini ni wa kuigwa aliwapotosha.

Chukueni kima. Yeye anakaa juu ya mzambarau ufukweni, anamtupia mamba matunda, wanakuwa marafiki. Mke wa mamba anautamani moyo wa kima. Mamba anamwalika rafiki yake nyumbani, anampakia mgongoni, na katikati ya maji anamwambia ukweli. Kima anajibu kwamba moyo ameuacha mtini, warudi wakauchukue. Askofu Edward Steere alikisikia kisa hiki Unguja, akakichapisha London mwaka 1870 katika kitabu chake cha hadithi za Waswahili. Humo mamba amekuwa papa, mzambarau umekuwa mkuyu, na anayeutaka moyo ni sultani wa papa, mgonjwa.

Mnachokikumbuka nyinyi ni jibu la kima. Mimi nataka mkumbuke kwamba alipanda mgongoni mwa mamba kwa hiari yake. Akili ilimjia maji yakiwa yameshamzunguka, na haikumwongezea kitu: alirudi na roho yake tu, rafiki hana tena. Katika kitabu cha Steere, papa alipomwita tena, kima akamsimulia habari za punda wa dobi, aliyeponea chupuchupu makuchani mwa simba, akabembelezwa, akarudi, akaliwa. Simba akautafuta moyo na masikio asivione, maana sungura alikwisha kuvila. Sungura akamjibu kwamba punda yule hakuwa navyo, angekuwa navyo asingerudi mara ya pili. Kisa cha punda kimo pia katika Panchatantra, ndani ya kisa cha kima vilevile, ila huko mlaji ni bweha. Sungura wetu ameshika nafasi ya bweha, na hilo lingewatosha kuanza kumtazama vizuri.

Kuna sungura mwingine humo katika Panchatantra, yule aliyempeleka simba kisimani, simba akaona kivuli chake, akakirukia, akafa. Huyo simlaumu. Zamu yake ya kuliwa ilikuwa imefika.

Sasa njooni kwa bweha mwingine wa kitabu hichohicho, maana yeye ndiye nisiyemsikia midomoni mwenu. Anaitwa Damanaka. Wazee wake walikuwa mawaziri, yeye kawekwa kando. Simba Pingalaka anaogopa mlio asiojua ni wa nani; Damanaka anakwenda, anakuta ni fahali tu, Sanjivaka, anamleta barazani. Simba na fahali wanapendana mno hata bweha anasahaulika tena. Basi anamwendea simba: fahali anautaka ufalme wako. Anamwendea fahali: simba anataka kukula. Kila mmoja anamfundisha dalili za uadui atakazoziona kwa mwenzake, na wakikutana kila mmoja anaziona. Fahali anakufa, simba analia, bweha anapata uwaziri.

Katika Kisanskriti hapo pamekwisha, mwovu amefaulu. Lakini kitabu kiliingia Kiajemi katika karne ya 6, na katika karne ya 8 Ibn al-Muqaffa akakitia Kiarabu kwa jina la Kalila wa Dimna. Dimna ndiye Damanaka. Humo mna mlango mzima wa kesi yake, ambao Kisanskriti hakina: anajitetea kwa ufasaha wa kutisha, mashahidi wanatokea, anauawa. Mimi naona tusome miisho yote miwili. Wa Kiarabu unatupa haki; wa Kihindi unatuonyesha ofisi nyingi tunazozijua.

Na nyinyi wenye watoto wadogo, msidhani hadithi za nyimbo ni salama zaidi. Wagujarati wa India wana kisa cha kunguru na ndege mdogo, kabar, waliokubaliana kulima uwele. Kila mara kabar akimwita kunguru kulima, kupanda, kuvuna, kunguru anamwimbia kwamba atangulie, yeye yuko kwa fundi anatengenezewa mdomo. Gijubhai Badheka, mwalimu wa Bhavnagar aliyewahi kuja Afrika Mashariki kikazi mwaka 1907, aliandikia watoto hadithi nyingi za kiasili za namna hii, zenye vibwagizo vya kuimbwa.

Angalieni ujanja wa mtunzi: kibwagizo kitamu amepewa mvivu. Mtoto anaimba uongo wa kunguru mara tatu, mara nne, na anaufurahia, hadi siku ya kugawana. Kabar amefanya malundo mawili, la uwele na la makapi, na juu ya makapi kanyunyiza uwele kidogo. Kunguru anakimbilia lundo kubwa, miguu inazama, makapi yanamjaa machoni na mdomoni, anakufa. Mkisimulia, msiikatishe hadithi kwenye wimbo kwa sababu mtoto ameshasinzia. Mwamsheni, afike kwenye makapi.