Kilio na swali la «Nani alimukula?»

Kwetu mtu akifa hatumwachi peke yake. Tunakuja kwa matanga, tunalala inje na familia, tunachanga ya sanduku na ya chakula. Hiyo desturi ni nzuri na tunaishika. Lakini mara nyingi, siku ya pili, mtu mmoja anauliza kwa sauti ya chini: «Nani alimukula?» Tangu hapo kilio inageuka mashtaka. Je, uchungu unatupa haki ya kutafuta mwenye kosa?

Tuangalie kifo kimoja cha mbali. Albert wa Kwanza, mfalme wa Wabelgiji, alipenda sana kupanda milima. Jina lake lilibandikwa hata huku: Kalemie iliitwa Albertville, na mbuga ya Virunga, iliyoundwa mwaka 1925, iliitwa Parc Albert. Hatumtaji hapa kwa kusifu ukoloni. Tarehe 17 Februari 1934 alikwenda kupanda mawe ya Marche-les-Dames, karibu na Namur. Alimwambia mtumishi wake amngojee, akapanda peke yake. Hakurudi. Usiku wakakuta maiti yake chini ya mawe.

Watu wengi ambao hawakusema naye hata siku moja walimlilia. Wengine walikwenda pale, wakaokota majani yenye damu, wakayaweka kama ukumbusho. Lakini kwa sababu hakuna aliyeona, maneno yakaanza: aliuawa, hakufia pale. Ilidumu miaka na miaka. Mwaka 2016 tu, wataalamu wa chuo kikuu cha Leuven walitangaza kwamba walipima damu ya majani yale na kuilinganisha na ya watu wawili wa ukoo wake. Ilikuwa damu yake kweli.

Kumbe hata kule, kifo bila shahidi kinazaa mashaka. Si ujinga wa Waafrika peke yao.

Bakubwa watatuambia: kuuliza ni kupenda, mtu si kuku wa kupotea bila neno. Ni kweli. Lakini tusichanganye maswali mawili. «Ilikuwa namna gani?» inaulizwa kwa daktari, kwa waliokuwepo, kwa mahali penyewe. «Ni nani?» inatafuta mtu, na karibu kila mara inamwangukia asiye na nguvu: mjane, mama mzee, mtoto yatima. Yule mfalme alikufa peke yake, na majani yalingoja miaka 82 ili yaseme. Mama mzee anayeitwa mulozi hawezi kungoja hata juma moja. Anafukuzwa, pengine anapigwa hata kufa.

Njo maana tunaomba hivi: kwa matanga, msemaji wa familia aeleze yanayojulikana, na yasiyojulikana ayaache hivyo. Kisha tuendelee kulia pamoja, na yule mama mzee akae katikati yetu.