Ahadi ya Mezani



Mwaka 1994 Richard Garfield wa Marekani alitoa mchezo wa karata za wanyonya damu ulioitwa Jyhad. Mwaka 1995 ukapewa jina la Vampire: The Eternal Struggle. Neno letu liliondoka kwenye boksi, lakini jihadi ya nafsi ilibaki mezani.

Kila mchezaji huanza na pointi 30 za uhai, humshambulia wa kushoto na hushambuliwa na wa kulia. Wachezaji huahidiana, ila kanuni hazimlazimishi mtu kutimiza. Je, kuvunja ahadi hiyo ni dhambi au ni mchezo tu?

Wapo wasemao kwamba kila aliyeketi anazijua kanuni, hivyo hakudhulumiwa. Hoja hii inafaa kwa karata zilizofichwa mkononi, kwani hakuna aliyeambiwa ni zipi. Lakini ahadi hutamkwa na ulimi wako, si wa mnyonya damu. Kanuni ikinyamaza haijakuamuru kusema uongo. Ahadi ni deni.

Dawa huanza katika kupanga karata. Anayejaza rundo lake la karata 60 hadi 90 kwa mashambulizi pekee hubaki na maneno kuwa ngao yake, na hapo uongo humjia kwa urahisi. Aliyeweka kinga ya kutosha anaweza kusema "siahidi" na bado akabaki mezani.

Na katika masomo ni vivyo hivyo: asiyejiandaa kwa mtihani ndiye anayeshawishika kuibia. Tujiandae mapema, ili kusema kweli kusituwie kuzito.

Wallahu a'lam.