Je, Ni Anasa Kuikanda Miguu?

Liko swali ambalo wengi huliona kuwa dogo, nalo si dogo. Je, ni haki Mkristo aketi jioni, atie maji ya uvuguvugu katika beseni, aioshe miguu yake, aipake mafuta na kuikanda mpaka uchovu umtoke? Wako wasemao kwamba hayo ni mambo ya matajiri wa mjini. Mtu wa kazi hana haja nayo, na mcha Mungu imempasa kuushinda mwili wake wala si kuubembeleza. Neno hilo lina sura ya wema. Walakini yatupasa kulipima.

Kwanza tuutazame mguu wenyewe. Mtu mzima ana mifupa 206 mwilini mwake, na katika hiyo 52 imo katika miguu miwili kutoka kifundo hata vidole, yaani 26 kila mguu. Basi robo ya mifupa yetu imekusanyika mahali padogo namna hii, ili ibebe mwili wote pamoja na mzigo wake. Na katika nchi yetu kazi hiyo ni nzito. Nyanda za Mbulu zina vilima na mabonde; na wakaao chini ya mlima Hanang, ambao kilele chake chapita mita 3,400, hufuata maji, malisho na minada kwa mwendo mrefu. Ijapokuwa pikipiki zimekuwa nyingi siku hizi, mwinjilisti bado hutembea kwenda kumtazama mgonjwa, mahali ambapo njia ni ya mbuzi tu. Tena wakati wa kiangazi baridi na vumbi hukausha ngozi ya visigino hata ikapasuka. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa kisigino ni mlango wa uchafu na vidonda.

Pili, tujifunze kwa ugonjwa wa ukoma. Mwaka 1873 daktari Hansen aliviona vijidudu vya ugonjwa huo katika mji wa Bergen, nchi ya Norway, nchi ile ile walikotoka wamisionari walioanzisha hospitali ya Haydom mwaka 1955. Hata baada ya hapo watu wengi walidhani ya kuwa nyama ya mwenye ukoma huoza yenyewe. Baadaye daktari Paul Brand, Mwingereza aliyefanya kazi Vellore katika nchi ya India tangu mwaka 1946, alionyesha kwamba sivyo. Ugonjwa huua mishipa ya fahamu, na mguu hausikii tena maumivu. Mgonjwa hukanyaga mwiba asijue. Huendelea kutembea juu ya jeraha, nalo huzidi kila siku mpaka vidole vikapotea. Ugonjwa wa sukari nao waweza kuuharibu mguu kwa njia hiyo hiyo.

Basi twaona ya kuwa maumivu ni mlinzi aliyewekwa mlangoni. Mwenye ukoma hakuchagua kumpoteza mlinzi wake, alinyang'anywa. Bali mtu mzima wa afya asikiaye uchovu na kuudharau, akijisifu kwamba hapumziki kamwe, amemfukuza mlinzi wake kwa mikono yake mwenyewe. Je, huo ni utakatifu? Siku atakapoanguka, wengine watambeba na kazi yake pia. Asiyeutunza mwili wake hakujinyima yeye peke yake; amewatwika na jirani zake mzigo.

Labda mtu atasema, Bwana wetu aliiosha miguu ya wengine, hakutufundisha kuitunza yetu. Ni kweli kwamba aliwaosha wanafunzi. Lakini tukumbuke ya kuwa Petro alikataa kuoshwa, na kukataa kwake hakukusifiwa. Tukumbuke na Eliya: alipochoka hata akatamani kufa, hakukemewa kwanza, alipewa usingizi, mkate na maji, ndipo akaagizwa safari. Kupokea matunzo ni unyenyekevu pia, maana ni kukiri kwamba sisi ni wa udongo.

Kazi yenyewe si ngumu. Osha miguu kwa maji ya uvuguvugu, uikaushe vema, hasa kati ya vidole. Twaa mafuta kidogo, ya alizeti yatosha, ukande kwa vidole gumba toka vidole vya mguu kuelekea kisigino na kifundo, polepole, kwa muda wa dakika kumi hivi. Utasikia mwili wote ukitulia. Wako wasemao kwamba kila sehemu ya wayo imeshikamana na ini, au figo, au moyo, na kwamba kuibonyeza huponya magonjwa yao. Hayo hayajathibitishwa, msiyategemee mkaacha dawa. Mwenye ugonjwa wa sukari asitumie maji ya moto, wala asiiloweke miguu muda mrefu, wala asitie mafuta kati ya vidole. Na aitazame miguu yake kila siku kwa macho, kwa kuwa huenda isimwambie neno. Mguu mmoja ukivimba ghafula kwa joto na maumivu, usikandwe. Mgonjwa apelekwe hospitali upesi.

Limebaki neno moja, nalo ndilo zito kuliko yote. Anasa i wapi basi? Haimo katika maji wala mafuta. Tuangalie nyumbani mwetu jioni. Baba akirudi, maji huletwa. Lakini mama aliyechukua maji hayo kichwani, aliyebeba kuni, na mtoto mgongoni, huketi wa mwisho, wala hakuna aulizaye habari za miguu yake. Hapo ndipo penye anasa: mahali ambapo mmoja hutunzwa kila siku kwa uchovu wa mwingine asiyetunzwa kamwe. Na bibi kizee asiyeweza tena kuinama hata kuifikia miguu yake, ni nani amwoshaye?

Kwa hiyo, ndugu, usione haya kuikanda miguu yako iliyochoka. Ni kazi uliyokabidhiwa. Ila kabla hujajifuta, uliza ni nani nyumbani mwako aliyetembea zaidi leo, ukampelekee beseni. Mume akiona aibu kumfanyia mkewe hivyo, na akumbuke ni nani aliyejifunga kitambaa kiunoni akainama mbele ya wavuvi.