Kuzima Picha: Heshima ya Kikao na Hukumu ya Filamu

Sinema ilipokuwa ya ukumbini, mtazamaji alilipa kiingilio, akaketi gizani miongoni mwa watu asiowajua, na kesho yake hakuna aliyemuuliza alicheka wapi au alinyamaza wapi. Filamu ilipohamia sebuleni, kwanza kwa kanda za video, baadaye kwa diski, na sasa kwa flashi na simu, giza hilo liliondoka. Mtazamaji wa nyumbani huonwa anapotazama. Makala hii inachunguza tatizo la kimaadili linalotokana na mabadiliko hayo: mtu anayeizima filamu kwa sababu ya aliyeketi naye, je, amehukumu filamu au amehukumu kikao?

Tatizo hili hudhihirika vyema katika miji ya Kitale na Bungoma. Familia nyingi za Wabukusu zina jamaa pande zote mbili, kwa kuwa baada ya uhuru wengi walihamia Trans Nzoia katika mashamba yaliyokuwa ya walowezi. Kijana afanyaye kazi Kitale hurudi kwa wazazi Bungoma na filamu mpya mfukoni. Sebuleni mna nyanya, wajukuu, shemeji, na pengine mkwe. Kwa desturi ya Wabukusu, mtu na mama mkwe wake huwekeana staha ya umbali. Hawaketi karibu wala hawashikani mikono. Onyesho la wapenzi ambalo kijana huyo alilitazama Kitale bila kupepesa jicho, huko Bungoma linamfanya atafute rimoti. Filamu ni ile ile. Kilichobadilika ni kikao.

Dola ina kipimo chake. Chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Sura ya 222, Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya hupanga filamu kwa umri: za watu wote, za kuongozwa na mzazi, za waliotimiza miaka 16 na za waliotimiza 18. Nyumba hupima kwa uhusiano. Mwanamume wa miaka 40 na mama mkwe wake wa miaka 60 wameruhusiwa na sheria kutazama karibu kila kitu, lakini hawawezi kukitazama pamoja. Hapa desturi inajua jambo ambalo sheria hailijui: kutazama ni tendo la kijamii, na aibu huzaliwa baina ya watazamaji, hata pale ambapo kila mmoja wao peke yake asingeona haya. Mhakiki anayeiita staha hiyo ushamba hajaielewa.

Hata hivyo, staha ina hatari yake. Chukuliwe mfano wa Nairobi Half Life, filamu ya mwaka 2012 iliyoelekezwa na David 'Tosh' Gitonga. Mhusika mkuu, Mwas, anaanza akiwa mchuuzi wa filamu kijijini, akiwaigizia wateja vituko vya mashujaa wa kigeni ili wanunue diski. Anakwenda Nairobi kutafuta uigizaji, anaibiwa siku ya kwanza, anatiwa korokoroni, kisha anajiunga na genge. Filamu ina matusi, ukahaba na mauaji, na polisi ndani yake hawana usafi kuliko wezi. Ni vigumu kuitazama mbele ya wazazi. Lakini kijana anayetoka Kitale au Bungoma kwenda jijini bila mwenyeji ndiye hasa anayehusika na onyo lake, na mzazi anayemfungia safari ndiye anayepaswa kulisikia. Heshima ikiizima filamu hiyo na jambo likaishia hapo, wale wawili wanaohitaji kuzungumza wanabaki wamenyamaziana kwa adabu.

Kosa la kimantiki hutokea pale mtu anapovuka kutoka kauli ya kwamba picha hii haifai kutazamwa hapa, na kufikia kauli ya kwamba picha hii haifai. Ya kwanza ni hukumu ya kikao. Ya pili ni hukumu ya kazi, nayo yahitaji hoja za fani na maudhui. Asiyeitazama hadi mwisho hana haki ya kuitoa.

Kosa hilo hilo laweza kufanywa na dola. Mnamo Aprili 2018 bodi iliyotajwa iliipiga marufuku Rafiki ya Wanuri Kahiu, filamu iliyotokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda na inayosimulia mapenzi ya wasichana wawili. Kahiu alieleza hadharani kwamba bodi ilitaka mwisho wake, wenye matumaini, ubadilishwe. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu ilisimamisha marufuku hiyo kwa siku 7. Lolote msomaji analoliamini kuhusu mapenzi hayo, inafaa aone kilichotendeka: bodi iliichukulia nchi nzima kama sebule moja yenye wakwe. Mzee wa nyumba huzima picha akiwajua kwa sura wale anaowasetiri. Bodi haiwajui, na haina kikao cha kuheshimu.

Pana pingamizi hapa. Yaweza kudaiwa kwamba kuficha ni upendo, na kwamba si kila ukweli unamfaa kila mtu. Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya mwaka 2018, inalipima dai hilo. Jo, mtoto anayekaribia kufa kwa maradhi na apendaye filamu za mashujaa, anarudishwa nyumbani. Mama anataka apumzike ndani. Dada yake, Mwix, anawashawishi wanakijiji kuigiza kana kwamba mtoto ana nguvu za ajabu. Baadaye inabainika kwamba Jo alijua yote. Waliokuwa wakisetiriwa ni watu wazima. Swali hilo laweza kuulizwa katika sebule yoyote: rimoti inapobonyezwa, ni nani anayelindwa?

Jibu halimo katika kuivunja staha. Wabukusu wenyewe wana kumuse: baada ya maziko ya mzee mwenye hadhi, msemaji maalumu husimama mbele ya hadhara, akasimulia historia ya ukoo, akaasa na kukemea. Jamii ile ile inayowatenga mtu na mama mkwe wake imeweka pia mahali pa kusemea mazito. Kunyamaza kwake mahali pamoja kuna maana kwa sababu kuna mahali pengine pa kusema.

Kwa hiyo anayeizima filamu kwa heshima hatendi kosa, ila amechukua deni. Anawajibika kuitafutia kikao kingine: baba na mwanawe wakiwa peke yao, akina mama kwa akina mama, darasa na mwalimu wake. Huko filamu itazamwe hadi mwisho, ndipo iitwe nzuri au mbaya. Asiyelilipa deni hilo hakumheshimu mkwe wala mwana. Amejipumzisha tu, na kijana atapanda basi la Nairobi bila kuambiwa neno.