Nuru na Kivuli huko Mkunazini



Mtu achoraye kwa kalamu ya risasi (ambayo, licha ya jina lake, haina risasi ndani) hana weupe wa kutia. Kalamu yake yajua kutia weusi tu. Akitaka kuonyesha ukuta wa chokaa uliopigwa na jua katika vichochoro vya Mji Mkongwe, Unguja, huiacha karatasi ilivyo, akatia kivuli kando yake: kwanza michirizi myepesi iliyo karibu karibu, kisha mingine ya kukingamana juu yake, na penye giza zaidi hukandamiza kwa kalamu laini. Milango ya nakshi humfundisha vema. Jua likiipiga kutoka mbele, maua yake hulala. Likija kwa ubavu, kila ua lasimama kwa kivuli chake.

Wako wanafunzi waogopao kukandamiza. Picha zao ni safi, tena hazina jua.

Ndivyo tusemavyo ungamo la dhambi mwanzo wa ibada, upesi na kwa mkono mwepesi. Ndivyo tupendavyo pia kusimulia habari za Kanisa. Twasema: tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba, soko la watumwa la Mkunazini likafungwa, na siku ya Krismasi mwaka ule ule likawekwa pale jiwe la msingi la kanisa la Waanglikana, siku za Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu baadaye. Ni kweli, nasi twamshukuru Mungu. Lakini mchoraji hodari hapigi mstari mmoja kati ya giza na nuru. Hapo katikati huweka utusitusi. Sheria ya kuondoa utumwa wenyewe Unguja haikutoka mpaka 1897, nao masuria walingoja mpaka 1909. Ibada zilifanyika humo miaka mingi, huku nje watu wangali mali ya wenzao.

Mtume Yohana, katika waraka wake wa kwanza, aliweka nuru na maungamo mahali pamoja. Basi sisi tuliofundishwa na Luther ya kuwa haki yetu si kazi ya mikono yetu, twaogopa nini? Weupe ni wa karatasi, nasi tulipewa.

Kando ya kanisa lile pana shimo lenye sanamu tano za watumwa wenye minyororo shingoni, kazi ya Clara Sörnäs. Atakayezichora na aanzie shimoni, kwa kalamu iliyo laini kuliko zote, wala asiharakishe kufika angani.