Siku ya Kuzaliwa Mtoto ni Sikukuu ya Nani?

Katika vijiji vyetu imeingia desturi ambayo babu zetu hawakuijua. Mtoto akitimiza mwaka mmoja, au mitatu, au mitano, wazazi wake huwaita jirani, humvika nguo safi, huweka keki mezani, na watu humwimbia. Wengine wapendezwa na jambo hili, wengine wanung'unika. Wazee husema, "Mtoto huyu amefanya nini hata afanyiwe karamu? Hajalima, hajasoma, hajamsaidia mtu. Amezaliwa tu." Neno hili si la kupuuzwa, nasi twaona yafaa tulipime pamoja, maana ndani yake limo swali lililo kubwa kuliko keki: je, mtu hupewa heshima kwa sababu ya aliyoyatenda, au kwa sababu yupo?

Kwanza tusiseme ya kuwa zamani siku ya kuzaliwa haikukumbukwa kwetu. Ilikumbukwa, ila kwa njia nyingine. Wajaluo humwita Otieno mtoto aliyezaliwa usiku, na Onyango aliyezaliwa asubuhi jua likipanda, na Okoth aliyezaliwa wakati wa mvua. Waswahili wana majina kama Hamisi, na Masika, na Tabu. Huko pwani mama na mtoto hutolewa nje siku ya arobaini, na jamaa hukusanyika. Basi tarehe haikuandikwa kitabuni, lakini mtoto aliibeba saa yake katika jina lake, akaitwa kwayo hata kufa kwake. Aliyeitwa Tabu alikumbushwa kila siku ya kuwa kuja kwake hakukuwa bure. Kuna mtu aliyeumia.

Pili, twajua ya kuwa wako Wakristo wa kale walioikataa sikukuu ya namna hii. Origen, mwalimu mkubwa wa Kanisa katika karne ya 3, mzaliwa wa Misri, alifundisha ya kuwa katika Maandiko haonekani mtakatifu hata mmoja aliyefanya karamu siku ya kuzaliwa kwake. Waliofanya ni Farao na Herode. Nasi twakumbuka habari zao: katika karamu ya Farao mnyweshaji alirudishwa kazini na mwokaji akatundikwa, katika karamu ya Herode kilikatwa kichwa cha Yohana Mbatizaji. Hakika si mifano ya kufuatwa. Lakini tukitazama sana, twaona kosa lao halikuwa katika tarehe. Wafalme hawa walijikuza wenyewe mbele ya wageni. Herode alihuzunika moyoni, walakini hakuweza kurudi nyuma, kwa sababu aliyaogopa macho ya wale walioketi naye mezani. Neno hili la macho ya wageni tulishike, maana tutalirudia. Wala Kanisa halikukaa katika hukumu ile ya Origen: tangu karne ya 4 limefanya sikukuu ya kuzaliwa kwa Mtoto mmoja, ambaye alipolazwa horini alikuwa bado hajafundisha wala kuponya.

Desturi ya kutia mishumaa katika keki yajulikana tangu zamani katika Ujerumani. Mwaka 1746, huko Marienborn, ilifanywa sikukuu ya kuzaliwa ya Zinzendorf, kiongozi wa Wamoravian, ambao wamisionari wao walifika Rungwe, kusini mwa Tanganyika, mwaka 1891. Mtu mmoja aliyekaa nao aliandika ya kuwa keki ilikuwa kubwa kadiri tanuri ilivyoweza kuoka, nayo ilitobolewa matundu kwa hesabu ya miaka yake, na katika kila tundu umechomekwa mshumaa. Hakuandika kwa kusifu, bali kwa kulaumu. Basi manung'uniko juu ya keki si mapya. Karibu yana umri sawa na keki yenyewe.

Lakini keki yaweza kutufundisha neno lingine. Ile pauda ya kuumulia keki, inayouzwa leo hata katika maduka ya vijijini, ilitengenezwa mwaka 1843 na Alfred Bird, mwuza dawa wa Birmingham katika Uingereza. Hakuanza kwa kutafuta mali. Mkewe hakuweza kula hamira, tumbo lake lilikataa. Naye mume akatafuta njia ya kuumua mkate pasipo hamira. Jambo lililoenea duniani kote lilianza jikoni, mtu mmoja akimtazama mtu mmoja na kuuliza, "Huyu atakula nini?"

Kadhalika huko Australia mwaka 1980 jarida la Australian Women's Weekly lilitoa kitabu cha keki za watoto. Ndani yake mna gari moshi lenye bisi katika mabehewa, na bata ambaye mdomo wake ni vipande vya viazi vilivyokaangwa, na bwawa la kuogelea ambalo maji yake ni jeli. Mtoto huchagua picha, naye mzazi, asiye fundi, hukesha jikoni usiku ule. Mara nyingi keki hutoka imepinda, haifanani na picha. Mtu atasema, ni upuzi kumfanyia mtoto keki ya mfano wa bata, kwa kuwa utamu ni ule ule. Sisi twasema si upuzi. Mtoto wa miaka mitatu apenda basi. Akitimiza minne ameliacha basi, apenda kuku. Asiyemsikiliza hawezi kujua. Basi mfano ule, hata ukipinda, ni ushuhuda wa kwamba katika mwaka ule mzima palikuwa na mtu mzima aliyesikiliza maneno ya mtoto.

Wala hatuandiki haya kama watu wasiokosa. Mwaka mmoja mwana wetu wa pili alipotimiza miaka minne, tulitaka jirani waone ya kuwa nyumba ya mwalimu si nyumba ya shida. Tukakopa fedha, tukaagiza keki mjini, nyeupe, yenye ghorofa mbili na maua ya sukari. Ilipofika tuliiweka juu kabatini ili mtoto asiiguse. Wageni walipokuja tulimsimamisha nyuma yake, tukampiga picha kwa simu, huku tukimwambia, "Simama vema, cheka, ondoa mkono." Akaanza kulia. Picha zikapigwa hivyo hivyo, machozi yamefutwa. Keki ilipokatwa, watu wazima walitangulia kwa heshima ya umri wao, na mtoto alikuwa amekwisha kulala kwenye mkeka. Asubuhi akatuuliza, "Baba, jana ilikuwa siku ya nani?" Tulitafuta jibu, hatukuliona. Deni tulilipa kwa miezi mitano, na kila mwezi tulilisikia swali lile. Hapo ndipo tulipomfahamu Herode. Sisi pia tuliyaogopa macho ya walioketi mezani, na aliyepata hasara ni yule asiyekuwa na kosa.

Mwaka uliofuata mtoto alisema ataka keki ya kuku. Alikuwa na kuku wake mwekundu, aliyeponyoka katika makucha ya mwewe, na tangu siku ile shingo yake ilikaa upande. Mwenzetu wa nyumbani akaifanya keki kama watu wa pwani wafanyavyo mkate wa mayai: mayai na sukari vilipigwa hata vikafura, ukatiwa unga na iliki, ukamiminwa katika sufuria iliyopakwa samli, moto mdogo chini na makaa juu ya kifuniko. Upande mmoja uliungua kidogo, ukakwanguliwa. Manyoya yalikuwa nazi iliyokunwa na kutiwa manjano, mdomo kipande cha papai. Shingo ilianguka mara mbili. Mwisho ilishikizwa kwa kijiti, ikakaa upande. Tuliona haya kuitoa. Mtoto alipoiona alipiga kelele, "Ni yeye! Ni yule wa mwewe!" Akaenda kumleta kuku mwenyewe aje aone. Gharama yake ilikuwa mayai ya nyumbani, sukari, unga, na nazi moja.

Tena iko desturi katika nchi yetu ambayo twaisifu. Keki ikikatwa, mtoto huchukua vipande kwa mkono wake na kuwalisha watu, kwanza mama yake, kisha baba, kisha babu na bibi. Siku zote wao humlisha yeye. Siku hii yeye huwalisha wao. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, wasema wahenga. Na hapo mtoto mdogo, asiyejua bado habari za uchungu ule, hufundishwa kwa tendo aliko mtu wa kushukuriwa. Desturi hii isipotee kwa sababu ya haraka ya picha.

Siku ile ya kuku alikuwapo mtoto wa jirani, wa miaka sita hivi, anayelelewa na bibi yake. Baada ya kula alimgeukia bibi akamwuliza mbele ya watu, "Bibi, yangu ni lini?" Bibi akanyamaza. Sisi tulidhani hajui tarehe, kama wazee wengi. Jioni alirudi peke yake, akaketi jikoni, akasema, "Mwalimu, siku yake naijua sana. Ndiyo siku niliyomzika binti yangu. Nitawezaje kupika keki siku ile?"

Wasomaji, hapa swali la wazee tuliloanza nalo lapata uzito wake wote. Kama mtu huheshimiwa kwa matendo yake tu, mtoto huyu angeonekana kuwa alikuja na hasara, na heri siku yake isitajwe. Naye mtoto hufahamu. Aonaye siku yake yafichwa atafikiri ya kuwa kuzaliwa kwake ni kosa lililomwua mama yake. Lakini kama mtu ana heshima kwa sababu yupo, kwa kuwa ametolewa na Mungu kama zawadi isiyolipiwa, basi mtoto huyu ndiye apasaye kuambiwa siku yake kuliko watoto wote. Tulimjibu bibi kwa maneno machache, maana si vema kumfundisha mwenye msiba kana kwamba ni mwanafunzi. Tulisema tu, "Bibi, siku hiyo ulipokea na kunyang'anywa. Mtoto anajua moja tu katika hayo mawili, kwa kuwa hajaambiwa la pili."

Miezi ilipita. Siku moja bibi alikuja kuazima sufuria yetu na kifuniko chake. Asubuhi alimchukua mjukuu wake wakaenda kupalia kaburi, akamwambia habari zote, na jina la mama yake. Alasiri walikula keki ndogo ya mviringo, maana mtoto alikuwa amesema apenda mpira. Kipande cha kwanza alimlisha bibi. Hatukupiga picha.

Basi, ndugu wasomaji, wazee husema kweli ya kuwa mtoto hajafanya neno lo lote. Nasi twajibu: ndiyo sababu. Sikukuu nyingine zote husifu kazi: harusi, na kumaliza masomo, na mavuno. Hii moja humwambia mtu kabla hajaweza kazi yo yote, "Tumefurahi kwa kuwa uko." Mtu aliyeambiwa hivyo akiwa mdogo ataweza kumwambia mwingine atakapokuwa mkubwa, na hata kuwaambia wazee wasioweza tena kazi. Lakini sikukuu ikigeuka kuwa mashindano ya nyumba na nyumba, imekwisha kuharibika, kwa sababu mtoto amefanywa tena chombo cha sifa za mwingine.

Kwa hiyo twatoa mashauri machache. Mtu asikope fedha kwa ajili ya keki. Kutoa ni moyo. Asiyeweza keki na apike maandazi, au amsimulie mtoto habari za siku aliyozaliwa, mvua ilivyonyesha na nani alikuja mbio. Watoto huipenda hadithi hiyo kuliko sukari. Watoto wa jirani wasiachwe mlangoni. Tena, kabla ya keki, siku yenyewe na iandikwe. Mwaka 2024 UNICEF ilitoa hesabu ya kuwa duniani watoto wapata milioni 150 walio chini ya miaka 5 hawajaandikishwa kuzaliwa kwao. Mwenye mtoto asiye na cheti na aende na kadi ya kliniki akamwandikishe, maana zawadi ya kwanza ya mtoto ni kuhesabiwa kuwa yupo.

Na mtoto akituuliza asubuhi yake, "Jana ilikuwa siku ya nani?" tujitahidi tuwe na jibu.