Rafiki wa Ukubwani: Kufanywa Upya katika Mitaa ya Eastlands

Urafiki wa ukubwani ni ule unaoanza baada ya mtu kuwa na kazi, pengine na ndoa na watoto, na mienendo ambayo wanaomjua wamekwisha kuipa jina. Rafiki wa utotoni humpokea mwenzake kabla hajawa lolote. Rafiki wa ukubwani humkuta ameshakuwa. Methali ya samaki mkunje angali mbichi ilikusudiwa wazazi, lakini wengi huitumia kama hukumu: mtu akishapita miaka arubaini, ndivyo alivyo. Dini za Ukristo na Uislamu, kila moja kwa njia yake, zinaikataa hukumu hiyo. Zote mbili hufundisha kwamba mtu mzima anaweza kufanywa upya, na anapoingia zote humkabidhi kwa watu: ndugu wa ushirika, wenzake wa safu moja msikitini, jumuiya. Hapo ndipo swali linapozuka. Ikiwa toba ni baina ya mtu na Mungu wake, hao marafiki wapya wana kazi gani?

Eastlands, upande wa mashariki wa Nairobi, ni mahali pafaapo pa kulichunguza swali hili, kwa kuwa mitaa yake ilijengwa kwa ajili ya watu wazima waliotoka kwingine. Pumwani ilifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 ili Waafrika wa mji wakae mahali palipopangwa na serikali. Shauri Moyo ikafuata mwishoni mwa miaka ya 1930, kuwapokea waliobomolewa nyumba zao katika kijiji cha zamani cha Pangani. Muthurwa ilikuwa ya wafanyakazi wa reli. Kwa muda mrefu serikali ya kikoloni ilimhesabu Mwafrika wa mjini kuwa kibarua wa kupita, mwanamume asiye na familia, wa kupewa nafasi ya kitanda tu. Kaloleni ya miaka ya 1940 ni miongoni mwa mitaa ya kwanza iliyojengwa kwa kufikiria mke na watoto. Baada ya uhuru zikaja Buruburu, Umoja na Dandora, ambako mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kuanzia 1975 ulipanga ploti 6,000. Aliyeshuka kwenye basi au treni na sanduku lake la bati hakuwa na rafiki wa utotoni mtaani, isipokuwa yule wa kwao aliyemtangulia na kumpa pa kulala. Wengine wote ilibidi awatafute.

Lugha yenyewe inaonyesha urefu wa njia hiyo. Rafiki ni neno la Kiarabu la kumtaja mwenzi wa safari. Mwandani ni aliye ndani. Jirani hupatikana kwa kuhamia tu, na beshte wa Sheng, lugha iliyokulia katika mitaa hii hii, anaweza kuwa mtu wa juzi. Aristotle, ambaye kati ya vitabu kumi vya maandishi yake makuu kuhusu maadili alitenga viwili kwa urafiki, aliwakumbusha Wagiriki msemo wao kwamba watu hawajuani mpaka wawe wamekula pamoja chumvi ya kutosha. Waswahili nao humsema mzee kuwa amekula chumvi nyingi. Misemo hii miwili ikiwekwa pamoja inaeleza shida halisi ya mtu mzima aliye ugenini: chumvi ameshaila nyingi, lakini si pamoja na hawa.

Katika Uislamu, hadithi ya Mtume Muhammad iliyomo katika mikusanyo ya Bukhari na Muslim inaeleza habari za mtu aliyeua watu tisini na tisa. Alimwendea mtawa kuuliza kama toba ingali wazi kwake. Akaambiwa hapana, akamuua naye, wakatimia mia. Kisha akamwendea mwanachuoni. Huyu alimjibu kwamba mlango haujafungwa, halafu akamwagiza jambo ambalo hakuliuliza: ahame, aende nchi fulani yenye watu wanaomwabudu Mungu, aabudu pamoja nao, wala asirudi kwao. Alifia njiani. Malaika wa rehema na malaika wa adhabu wakamgombea, umbali ukapimwa, akakutwa yu karibu zaidi na kule alikokuwa akienda, kwa kadiri ya shubiri moja, akasamehewa. Hakuwahi kumpa mkono hata mmoja wa wale watu wapya, na bado kuelekea kwao kulihesabiwa. Mwanachuoni yule alijua kwamba nia njema ikiachwa miongoni mwa waliozoea kumwona mtu akiua haitadumu hata wiki.

Madina, baada ya hijra ya mwaka 622, mpango ulikuwa wa watu wazima watupu. Mtume aliwaunganisha waliohama Makka na wenyeji wa mji, mmoja kwa mmoja, kuwa ndugu. Saad bin Rabii alijitolea kumpa Abdurrahman bin Auf nusu ya mali yake. Abdurrahman alimwombea baraka, akaikataa mali, akauliza soko liko wapi. Mtu yeyote aliyewahi kuingia Eastlands mikono mitupu anaelewa ombi hilo, kwa kuwa ndilo la kwanza analomwuliza mwenyeji wake: Gikomba inapitiwa wapi, mafungu ya mitumba hufunguliwa saa ngapi, nani huuza kwa mkopo. Salman Mfursi naye aliunganishwa na Abu Dardaa. Alipomkuta mwenzake anafunga kila mchana na kuswali usiku kucha huku mkewe amesahauliwa, alimzuia, akamwambia kwamba mwili na watu wa nyumbani nao wana haki zao. Mtume alipoelezwa alisema Salman amesema kweli. Ndugu aliyepatikana ukubwani, basi, hakuwa wa kupewa hifadhi tu. Alikuwa na ruhusa ya kukosoa.

Majengo ya Pumwani iliishi jambo la namna hiyo kwa njia yake. Watafiti waliowahoji wanawake wenye nyumba wa huko, Janet Bujra na Luise White miongoni mwao, wameandika juu ya waliotoka bara wakikimbia ndoa mbaya au umaskini, wakauza pombe ya kienyeji, chakula, na wengine miili yao, wakajenga nyumba. Wengi walisilimu. Kusilimu kulimpa mtu jina jipya, Kiswahili cha kila siku, na wanawake wenzake wa kumwosha na kumzika siku yake ikifika. Wale waliokatwa na koo zao walifanyiana udugu, na wapo waliorithisha nyumba kwa mwanamke waliyekutana naye mjini.

Kuna pingamizi zito hapa, na halipasi kupitwa haraka. Jina jipya mahali pasipojulikana mtu linaweza kuwa barakoa. Nairobi imejaa wanaume waliobadilisha mtaa ili wabadilishe hesabu: mke mmoja Kayole, mwingine kijijini, deni lililoachwa Huruma. Marafiki wapya wanampenda, kwa sababu hawajui. Je, huyo amefanywa upya, au amepata tu hadhira isiyoona kwa nini isimwamini? Kama urafiki mpya unafaa kwa kuwa haujui ya nyuma, basi kila mtoro ni mwongofu.

Jibu bora kuliko yote lilitoka katika Uamsho wa Afrika Mashariki, vuguvugu la Kikristo, na ni jambo la kutazamwa kwamba Uamsho huo wenyewe ulianza na urafiki wa ukubwani. Mwaka 1929 Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda, alifika Kampala akiwa amechoka na kuvunjika moyo. Kilimani Namirembe alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa na kiu ileile ya imani. Mmoja alikuwa mzungu wa dola iliyotawala, mwingine mtawaliwa. Walikaa siku mbili wakisoma Biblia na kuomba pamoja. Kutokana na mikutano ya namna hiyo moto ulisambaa Rwanda na Uganda, na mwaka 1937 kikundi cha ndugu kilifika Kenya na kufanya mkutano Kabete. Baadaye ushirika ukaenea katika makanisa ya Kianglikana na ya Kipresbiteri, yakiwemo ya mitaa ya Nairobi.

Waliookoka, kama walivyojiita, hawakukubali kwamba mtu anaweza kuokoka kimyakimya. Sharti lao liliitwa kutembea nuruni. Mtu mzima, pengine mwalimu au karani anayeheshimiwa, alisimama mbele ya watu aliokutana nao miezi michache iliyopita na kutaja alichoiba, aliyemdanganya, aliyemchukia. Kisha alitumwa kurudisha: baiskeli kwa mwenyewe, pesa kwa mwajiri, msamaha kwa mke. Aliporudi, ndugu walimkumbatia na kuimba Tukutendereza, wimbo wa Kiganda ambao hata wasiojua Kiganda waliushika. Hapa pingamizi la barakoa linaanguka, kwa kuwa marafiki wapya walikuwa watu wa kwanza kuambiwa habari ya zamani. Nikodemo, yule mzee aliyemwendea Yesu usiku, aliuliza mtu atazaliwaje akiwa mzee. Ushirika ulimjibu kwa matendo: kwa kusema mbele ya wenzake yale aliyoyaficha, na kukuta bado anaitwa ndugu.

Njia hii ilikuwa na hatari zake. Ungamo la hadharani lingeweza kuwa tamasha, na waliookoka walifahamika kwa ukali kwa wasiosema lugha yao. Lakini uthabiti wake ulijaribiwa vikali miaka ya 1950. Katika Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipopigana na waasi wa Mau Mau, baada ya msako wa Operesheni Anvil ulioanza tarehe 24 Aprili 1954, Wakikuyu, Waembu na Wameru waliobaki Nairobi walitengwa katika mitaa kama Bahati. Kiapo cha Mau Mau nacho kilikuwa aina ya kuzaliwa upya: mtu mzima alipita chini ya tao, akala kiapo, akatoka ana ndugu wapya na siri ya kufa nayo. Kiliwapa walionyang'anywa ardhi ujasiri, na hakipaswi kudharauliwa. Ndugu wengi wa Uamsho walikikataa, na wengi wao wakakataa pia kubeba bunduki ya serikali. Baadhi waliuawa. Kanisa la Kipresbiteri la Bahati bado linabeba jina la Martyrs, mashahidi wa imani. Tofauti ya undugu huu wa aina mbili ilikuwa katika siri: mmoja ulifungwa nayo, mwingine ulifunguliwa kwa kuivunja.

Siku hizi ushirika wa Uamsho umezeeka, na mahali pa kawaida pa kupata rafiki wa ukubwani ni padogo zaidi. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, katika muungano wao wa AMECEA, walipokutana Nairobi mwaka 1973 na tena 1976, waliamua kwamba kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Jumuiya ya Kayole au Umoja hukutana nyumbani kwa mwanachama, mara nyingi chumba kimoja. Viti vya plastiki huazimwa kwa jirani. Wanaokosa huketi kitandani, pazia likiwa limefungwa fundo lisizibe watu. Injili ya Jumapili husomwa, unafuata ukimya, watoto wa ploti wakisikika ngazini. Halafu mtu husema kilichomgusa, kwanza kwa woga. Mgeni wa mwezi wa kwanza husema maneno ya vitabuni. Mwezi wa sita anasema kwamba kodi imemshinda. Chama cha akina mama hufanya kazi hiyo hiyo bila Injili, na mikutano ya walioacha pombe huifanya kwa uwazi kuliko zote.

Kwa kijana wa Dandora agizo la yule mwanachuoni lina ugumu wa pekee. Anaambiwa ahame, na hana kodi ya kuhamia. Wenzake wa zamani wako kwenye ngazi zilezile, na polisi wanamjua kwa sura. Hapo Dandora, ambako ploti zilipangwa kuzunguka viwanja vya pamoja, makundi ya vijana yamesafisha viwanja hivyo, yakapanda maua, yakaweka bembea za watoto. Mtaa haukuhama, ila aliyeonekana na ndoo na fyekeo pamoja na watu wengine alianza kusalimiwa na mama aliyekuwa akivuka barabara kumkwepa. Shubiri moja inaweza kupimwa bila kutoka kwenye ploti.

Marafiki hawa hupotea upesi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 majirani wa miaka mingi walikimbiana katika Mathare, Huruma na Dandora, na waliohama hawakurudi wote. Leo nyumba za zamani za baraza la jiji zinabomolewa kupisha maghorofa, kama ilivyofanyika Pangani. Mpango huo unaitwa ufufuaji wa mitaa, na waliokula chumvi pamoja wanatawanyika hadi Ruai, Utawala na Kitengela.

Kinachowakusanya tena ni matanga. Habari ikifika, mkutano hufanyika jioni saa kumi na mbili. Daftari hupitishwa, simu zinalia ujumbe wa pesa, mtu husoma majina kwa sauti. Basi huondoka usiku kuelekea Siaya, Kakamega au Machakos. Alfajiri marafiki wa mjini huteremka na miguu iliyovimba, wakaoneshwa nyumba ambayo marehemu hakuimaliza, na mamake. Wenzake wa utotoni wako kaburini na sepetu, wakimtaja kwa jina ambalo Nairobi haikulijua. Ikifika zamu ya mitaa kusema, huwa ni jirani mmoja kutoka Eastlands anayesimama, aliyemjua miaka sita au saba tu, na kuwaeleza watu wa kwao mtu waliyemlea alikuwa nani siku za mwisho: kwamba aliacha pombe, lini, na nani alikuwa naye usiku wa kwanza. Wale wa sepetu husikiliza, kwani sehemu hiyo hawakuwahi kuisikia.